Mti wa Mpaka Baada ya Mvua ya Mawe

Hakuna kitu ambacho kingenishangaza tena hapa duniani. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu, na sikuwa nadanganya. Niliacha shule darasa la sita. Nilikuwa taniboi wa malori ya mchanga miaka saba, nikipakia kwa koleo na kulala juu ya mzigo. Leo nina malori matatu yangu mwenyewe na duka la vifaa vya ujenzi Kitui mjini, na hakuna mtu aliyenipa hata msumari wa kuanzia. Nimeona lori langu la kwanza likibiringika hadi mtoni wiki mbili baada ya kulinunua. Nimeona kiangazi ambacho ng'ombe walikula katoni. Nimeona mshirika wangu wa biashara, tuliyekuwa tukiimba naye kwaya moja, akiondoka na pesa zetu zote na asirudi. Kila mara nilikunywa chai nikaendelea na kazi.

Kwa hivyo mama aliponipigia simu alasiri moja mwezi wa kumi na moja, akisema mawe yamenyesha nyumbani na miti imevuliwa nguo, nilimwuliza tu kama yeye ni mzima. Akasema ni mzima.

"Basi, mwaitu, miti itavaa tena," nikamwambia. Mwaitu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama.

"Itavaa. Lakini kuna tawi moja hapa linaniangalia vibaya," akasema, na simu ikakatika.

Nyumbani kwetu ni vilimani, juu ya Tawa. Nilifika kesho yake saa nne asubuhi, na nikasimamisha gari kabla ya lango kwa sababu sikuona njia. Barabara ilikuwa imefunikwa na majani mabichi, mengi kama ya kulisha ng'ombe wa kijiji kizima, na chini ya majani, kwenye mitaro, barafu ilikuwa bado haijayeyuka. Nilikanyaga, ikalia kama kokoto. Harufu ilikuwa ya majani yaliyosagwa, nzito, ya kuumiza kichwa. Maembe machanga yalikuwa yametapakaa kila mahali, kila moja na alama yake nyeusi. Parachichi nilizopanda kwa mikono yangu zilibaki vijiti. Ua wa msaiprasi, ule ambao wageni huniuliza nani anaukata vizuri hivyo, ulikuwa umekunjwa upande mmoja kana kwamba mtu aliukalia.

Nilitembea nikihesabu hasara, halafu nikachoka kuhesabu. Nilikuwa nimeendesha gari tangu alfajiri na nilikuwa na mzigo wa simiti unaonisubiri.

Kisha nikaona lile tawi.

Hapa lazima nieleze. Baba, kabla hajafariki, alitugawia shamba sisi wavulana wawili. Upande wa juu wangu, wa chini wa ndugu yangu mdogo, na katikati akapanda grevilea saba kuwa mpaka. Hakuweka jiwe wala waya. Miti ile ndiyo hati. Mkubwa kuliko yote ulikuwa hatua nane kutoka kwa nyumba ya mama, nyumba ya vyumba vitatu niliyomjengea mimi, mabati ya rangi, pesa taslimu. Mti huo ulikuwa umegawanyika pacha kwa juu. Mawe yaliulemea, upepo ukaja, pacha moja ikapasuka na kulala hewani, imeshikwa na ganda na nyuzi kidogo tu. Unene wake ni kama kiuno changu, na mimi si mwembamba. Kichwa chake kilikuwa juu kabisa ya chumba ambamo mama analala.

Mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe.

"Mwaitu, chukua nguo zako twende kwangu," nikasema. Nyumba yangu iko papo hapo, mita hamsini, vyumba saba.

"Kwako kuna mwangwi. Nikikohoa, naitikiwa."

"Basi nenda kwa mwanao yule mwingine."

"Yule alikuja jana, akasema hivyo hivyo. Yeye aniambie niende kwake, wewe uniambie niende kwako. Mimi nikihama, nyinyi mtaliacha hilo tawi hapo hadi lioze. Nawajua, niliwazaa. Kaeni chini muutoe mti. Mimi nipo."

Mimi na ndugu yangu tulikuwa hatujaongea miaka minne. Nilimwajiri awe dereva wa lori langu, nikasikia anauza dizeli, nikamfukuza. Nilimfukuza yadini, mchana, mbele ya wapakiaji wote, na sikuchagua maneno. Tangu siku hiyo tukikutana kanisani, yeye hutokea mlango wa kando.

Sikuona kwa nini nikae chini na mtu. Mimi ni mtu wa kutenda. Nilipiga simu moja kwa chifu, kibali cha kukata kikapatikana. Nikapiga ya pili, fundi wa pawasoo akaja kutoka Tawa na msumeno wake pamoja na wapandaji wawili wenye kamba. Fundi aliuzunguka mti, akaupigapiga kwa ngumi.

"Hili tawi haliwezi kutoka peke yake, mzee. Umepasuka hadi kifuani. Ni mti wote."

"Toa wote. Bei?"

Kazi yake elfu tano, petroli na oili mia tisa na hamsini, wapandaji elfu moja mia tano. Jumla elfu saba mia nne na hamsini. Sikuomba apunguze hata shilingi. Niliitoa hapo hapo, mbele ya watu waliokuwa wamekuja kuangalia, na shemeji yangu, mke wa ndugu yangu, alikuwa mmoja wao, amesimama upande wao wa mpaka, mikono kiunoni. Nilifurahi aone.

Msumeno ulinguruma nusu dakika tu. Mzee wa kijiji alikuja na fimbo yake, polepole, kwa maana ana nyonga mbaya, akampungia fundi mkono kama mtu anayefukuza nzi. Fundi akazima. Mzee huyu ni mzee wa kanisa pia, na huzungumza kwa sauti ndogo kiasi kwamba inabidi uiname.

"Nani amelipa?" akaniuliza.

"Mimi."

"Nusu?"

"Yote. Mbona, mzee, ni pesa kidogo."

"Si udogo. Umelipa yote, basi umenunua mti. Ukishanunua mti, mpaka ni wako. Kesho wajukuu watasema babu yetu alilipa, shamba letu lafika hadi kule chini." Akamgeukia fundi. "Mrudishie."

"Mzee, mama yangu analala chini ya hili tawi."

"Ahame. Nyumba mnazo mbili."

"Hataki."

"Basi hilo si la mpaka, hilo ni la mama yako."

Watu wakacheka. Nilitaka kumwambia kwamba miti ninanunua kwa lori. Lakini ndivyo kulivyo kwetu, na nilikulia hapo, sikuwa na kisingizio: mti wa mpaka ukianguka au ukitakiwa kukatwa, pande mbili zinaleta nusu kwa nusu, siku moja, mbele ya mashahidi, kila mtu kutoka mfukoni mwake. Nilikuwa nimekaa mjini muda mrefu, nikazoea kwamba anayelipa haraka ndiye anayemaliza jambo. Fundi akanirudishia noti zangu zikiwa bado na joto, akapakia msumeno kwa bodaboda, akaenda.

Nilifikiri njia fupi ipo. Nilizigawa zile pesa, nusu nikaikunja ndani ya gazeti, nikamwendea shemeji akiwa anaanua nguo.

"Shemeji, mpe bwana yako hizi. Aseme ni zake, tumalize."

Hakuinyosha mikono. "Hizi nikimpelekea, atanifukuza na mimi. Nawe wajua kufukuzwa kwa watu wa ukoo wenu kulivyo."

"Hakuna atakayejua."

"Wewe utajua. Mwaka ujao ukikasirika kidogo tu, utasema kanisani." Akaanua shati la mwisho. "Yuko nyuma ya nyumba, Tajiri. Miguu unayo."

Tajiri ndilo jina wanaloniita upande ule wa mpaka. Huko kwangu Kitui ni heshima.

Ndugu yangu alikuwa anapasua kuni. Upande wake mawe yaliangusha matawi mengi kuliko kwangu, naye alikuwa ameyakusanya yote na kuyapanga kwa urefu, kazi safi, lazima niseme ukweli. Nilisimama. Akapasua vipande vitatu kabla hajainua kichwa.

"Nimesikia mti umenunuliwa," akasema.

"Umerudishwa."

"Nusu ni ngapi?"

Nikamwambia. Akalishika shoka kwa mkono mmoja, akaangalia zile kuni kama mtu anayesoma.

"Shule ya juu inanunua kuni mbichi. Mkokoteni mmoja mia nne na hamsini. Nikitoa ya punda, nabaki na mia nne. Nipe siku nane, kumi."

"Siku kumi? Lile tawi litangoja siku kumi?"

"Mimi nilimwambia mama aje kwangu."

"Nina lori. Nakubebea hizi zote leo, safari moja."

"Lori lako nalijua," akasema, na akarudi kupasua.

Nilimwambia anipe basi shoka la pili, tupasue wawili. Akasema nikipasua hata kipande kimoja, kipande hicho kitakuwa kimelipwa na mimi, na mzee wa kijiji anahesabu. Sijui kama mzee angehesabu kweli. Lakini sikuwa na nguvu za kubishana.

Kwa hivyo mimi, ambaye simu yangu hulia mara sitini kwa siku, nilikaa nyumbani nikimsubiri mtu auze kuni. Dukani nilimwachia mke wangu. Lori moja lilikosa tairi, jingine lilikosa dereva, simiti ikaenda kwa mshindani, na mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba ya mama, nikiangalia juu. Shingo iliuma. Kila alasiri mawingu yalikusanyika upande wa Mbooni, meusi, na kila alasiri nilimwomba mama atoke. Alinijibu kwa kuniletea chai. Tangu siku ya pili nilianza kulala kwenye kochi lake la sebuleni, miguu ikining'inia, maana sikuweza kulala kwenye vyumba vyangu saba nikijua yeye yuko pale chini.

"Sasa likianguka, litatuua wawili," akasema mama. "Hiyo ni faida gani?"

"Sijui, mwaitu. Sikusoma."

"Kusoma hakuhusiki. Kunja miguu nipite."

Mchana niliangalia ule mkokoteni wa punda ukipanda kilima na kushuka mtupu. Safari moja kwa siku, siku nyingine mbili. Nilijikuta nahesabu: mia nne, mia nane, elfu na mia mbili. Sijawahi kuzifuatilia pesa za mtu mwingine kwa hamu kama hiyo. Siku ya nne punda alichechemea, hakukuwa na safari, na nililala saa nane mchana kama mgonjwa.

Miti nayo haikunipa raha. Ilikuwa inaanza kunyauka pale ilipojeruhiwa. Ganda la parachichi lilikuwa limechubuka upande mmoja tu, upande mawe yalipotokea, kwa hivyo ukisimama upande huu mti ni mzima, ukizunguka ni kidonda kitupu kutoka juu hadi chini. Majani yaliyoanguka yalianza kuoza, na mainzi wakaja. Nilianza kuyafagia, nikaacha katikati. Sikumbuki mara ya mwisho nilipoacha kazi katikati.

Siku ya sita upepo ulikuja bila mvua. Nilisikia ule mti ukitoa sauti, si ya kuvunjika, ni kama mlango mkubwa unaofunguliwa taratibu. Tawi lilishuka urefu wa mkono, ncha zake zikagusa mabati, bati moja likabonyea. Mama alikuwa ndani. Nilimshika mkono nikamtoa, na safari hii alikubali hadi mlangoni, hakukubali kupita mlango.

Niliteremka kwa ndugu yangu. Alikuwa ameshasikia; alikuwa amesimama shoka mkononi, akiangalia juu kwetu. Nilikaa juu ya gogo lake bila kukaribishwa.

"Umefika wapi?" nikamwuliza.

"Elfu mbili na mia nane."

"Bado mia tisa na ishirini na tano."

"Najua kutoa."

Kuku walikuwa wanapekua maganda. Halafu nikasema jambo ambalo sikuja kulisema.

"Siku ile ya yadi, nilisema mbele ya watu."

"Ulisema."

"Ningekuita ofisini."

"Hukuwa na ofisi. Ulikuwa na meza chini ya turubai."

"Ningekuita kwenye meza."

Alichomeka shoka kwenye gogo. "Dizeli niliuza lita ishirini. Mara moja. Mtoto alikuwa amelazwa. Wewe ulisema mapipa."

Sikujua hiyo habari ya mtoto. Ningejua kama ningeuliza, na sikuuliza. Nilikuwa na malori mawili wakati huo na nilijiona nimefika. Nikasema tu, "Niliambiwa mapipa."

"Na ukaamini haraka."

"Ndiyo."

Alichukua kamba, akaanza kufunga mzigo kwenye mkokoteni, na mwisho wa kamba ukaangukia upande wangu. Niliushika, nikauvuta. Akauangalia mkono wangu. Kisha akasema, "Kufunga si kupasua," na tukafunga pamoja. Siku hiyo walienda safari mbili, yeye na punda, na kesho yake moja.

Siku ya nane asubuhi fundi alirudi. Mzee wa kijiji aliweka kigoda kati yetu, palepale mpakani, akaomba Mungu kwa sauti yake ndogo, maombi marefu, huku wote tukiwa tumefumba macho isipokuwa mimi, niliyekuwa naangalia tawi. Ndugu yangu akatoa pakiti ya unga iliyokunjwa, akazimwaga noti zake na sarafu juu ya kigoda: za mia, za hamsini, shilingi ishirini zilizopauka, na tano moja. Mzee akazihesabu mara mbili. Zilitosha kamili.

Mimi nikaweka noti nne za elfu moja, mpya.

"Hizi zimezidi," mzee akasema.

"Zinazobaki ni za fundi, anunue soda."

"Soda utamnunulia kwingine. Hapa mko sawa au hamko."

Tulisubiri chenji robo saa nzima. Mtu alienda kwenye kioski, akarudi akasema hawana, akaenda kwa mwingine. Ndugu yangu alikuwa anatafuna kijiti, hacheki, lakini bega lake lilikuwa linatikisika. Mama alipaza sauti kutoka mlangoni kwamba tawi nalo linasubiri chenji. Hatimaye chenji ikaja, mia mbili sabini na tano, mzee akanipa mkononi, na ndipo akampa fundi ishara.

Wapandaji walilifunga tawi kwa kamba mbili. Moja tuliishika sisi upande wa juu, ya pili upande wa chini, ndugu yangu mbele. Lilishuka taratibu, likiburuta kwenye mabati, na lilipogusa ardhi nilihisi mikono yangu haina kazi tena. Shina lilikatwa kimo cha goti. Mzee alikataa lisikatwe chini zaidi, kwa kuwa kisiki ndicho mpaka sasa. Mbao ziligawanywa, kuni zikagawanywa. Mama alilalamika kwamba mwanga umekuwa mwingi kitandani kwake, na hatalala mchana tena.

Ndugu yangu alipita karibu nami akielekea kwake na mzigo wa mbao begani. "Jumapili njoo ule," akasema. "Usilete kitu."

Niliondoka mchana huo. Bati lililobonyea sikulibadilisha. Mama alisema liachwe. Parachichi sitang'oa, nasikia zinaweza kuchipua. Nilipofika Kitui mke wangu aliniuliza huo mti umekula pesa ngapi, maana siku nane ni nyingi na alijua ninavyotoa. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilivua viatu kwanza ndipo nikamjibu. Nilimwambia elfu tatu, mia saba na ishirini na tano.